Viti vya Wanaonidai

Mjomba alisema sitaweza. Alisema hivyo nyumbani kwa mama yangu, mbele ya chai, wiki ile ile niliyorudi kutoka Dar es Salaam, na hakunong'ona. Alisema gari silipati. Nikilipata, mafuta yatanishinda. Yasiponishinda mafuta, deni litanishinda. Jirani aliyekuwa amekuja kunisalimu akaongeza kwamba watu wanaorudi na masanduku mazuri huuza vitu kimoja kimoja, wakaanza na redio na kumaliza na sanduku lenyewe. Wote wakacheka isipokuwa mama. Yeye alikuwa anamimina chai, na hakumwaga hata tone.

Ninayaandika haya gari likiwa limeegeshwa chini ya dirisha langu, Kyebando, kaskazini mwa Kampala, na tanki lake lina mafuta. Anayetaka kuhakikisha aje.

Nilizaliwa kwenye nyumba za polisi za Nsambya, mji huu huu, chumba kimoja chenye pazia katikati. Baba alikuwa koplo kutoka kaskazini. Alipofariki, mama alibaki pale kwa sababu naye alikuwa mpishi wa kantini, na wakubwa waliopenda maharagwe yake hawakutaka aende mbali. Kiswahili nilichoondoka nacho kilikuwa cha kambini, maneno machache yanayofanya kazi nyingi. Nilichorudi nacho kilikuwa kingine. Nilirudi pia na stashahada ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, niliyoisomea jioni baada ya kubeba mizigo mchana, na hakuna mtu aliyenilipia hata kalamu. Hayo nayasema kwa sababu ni kweli.

Fundi wa majokofu hawezi kufanya kazi Kampala kwa miguu. Mtungi wa gesi, pampu, sanduku la vifaa, na wateja wametawanyika juu ya vilima. Nilikuwa na akiba inayotosha sehemu tu ya bei ya gari, ikabidi nikope. Watatu walinikopesha. Wa kwanza ni Mjomba mwenyewe, kaka yake mama, mwenye duka la misumari na kufuli Kawempe. Nadhani alinikopesha ili awe na haki ya kusema zaidi. Wa pili ni Hajati, mwenye duka la vyakula jirani na nilipopanga Kyebando, mama wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, ambaye Kiswahili chake hata mimi nakivulia kofia. Wa tatu ni Afande, sajini mstaafu aliyetumikia na baba, mtu mrefu na mpana, anayeishi chini ya kilima cha Nsambya.

Hakuna aliyenikopesha kwa sababu ya stashahada yangu. Mama alikwenda kwa kila mmoja, akiwa amevaa gomesi yake ya kijani, gauni la heshima la akina mama wa Uganda, akasema maneno yale yale: "Asipolipa, njooni kwangu." Kambini neno la mama lilikuwa halijawahi kurudi na ufa. Mwanamke aliyepika chungu kimoja kwa watu wa makabila yote, na asituhumiwe hata siku moja kumpa mtu wake nyama zaidi, jina lake ni mali. Mali hiyo ndiyo niliyokuwa naiendesha barabarani, ingawa kwenye kadi ya gari liliandikwa jina langu.

Na gari lenyewe, jamani. Dogo, la Kijapani, rangi ya maziwa, milango minne inayofunga kwa sauti ya heshima. Injini yake ingeweza kukaa kwenye beseni la kufulia. Aliyeniuzia alisema halinywi, linaonja. Niliposhuka nalo mara ya kwanza Kyebando, vioo vimefungwa na kiyoyozi kinavuma, Hajati aliinuka kutoka kwenye kigoda chake akaliangalia kama mtu anayeangalia ndama wake.

"Mashallah," alisema. "Kadogo, lakini kana adabu."

Adabu lilikuwa nayo, isipokuwa mbele ya petroli. Niliweka mafuta asubuhi, na kabla ya jua kuzama taa ya njano imeniwakia. Kesho yake hivyo hivyo. Malipo ya jokofu zima la duka la soda niliyapeleka kwenye pampu, na wiki haikuisha. Lori la mchanga lisingenila vile. Mafundi wa gereji ya jirani walinishauri nizime kiyoyozi. Nikawaambia kwamba fundi wa viyoyozi anayeendesha vioo vikiwa wazi ni kama mpishi anayekwenda kula kwa jirani. Kiyoyozi changu kilikuwa bango langu. Mteja akifungua mlango na baridi ikampiga usoni, nusu ya mazungumzo imekwisha.

Nikalitafuta kosa mwenyewe, kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Nilibadilisha plagi. Nilisafisha filta ya hewa ikawa nyeupe kama kanzu ya Ijumaa. Nilipima upepo wa matairi asubuhi kabla hayajapata joto. Niliinua gurudumu moja moja nikalizungusha kwa mkono nione kama breki inashika. Nililala chini ya tanki na tochi nikitafuta unyevu. Gari lilikuwa zima kuliko daktari wake.

"Gari yako iko kidogo," Afande aliniambia asubuhi moja, akijikunja kiti cha mbele mpaka magoti yakagusa dashibodi, "lakini tumbo yake iko ya afisa."

Nilicheka. Sikujua kwamba alikuwa ameketi juu ya jibu.

Kwa maana asubuhi zangu zilikuwa hivi. Natoka kwangu Kyebando, Hajati amekaa kigodani mbele ya duka, mkoba mapajani. Haniombi kitu. Ananiuliza hali ya mama, ananiuliza kama nimelala vizuri, kisha anasema, "Mwanangu, unaelekea mjini?" Hata ningekuwa naelekea jikoni kwangu, jibu ni ndiyo. Mjini anaingia kwa wauzaji wa jumla kuulizia sukari, nami namsubiri injini ikiwaka, kwa sababu kiyoyozi hakifanyi kazi gari likiwa limezimwa na Hajati hapendi joto. "Narudi sasa hivi," anasema. Sasa hivi ya Hajati ina upana wake.

Kabla ya mjini, lakini, kuna Kawempe, ambako si njiani hata kidogo. Mjomba ananipigia simu nikiwa bado na mswaki mdomoni. "Mpwa, pita hapa." Napita. Anapanda yeye, na mifuko ya misumari inapanda buti, na gari linakaa chini kama kuku anayeatamia. Halafu foleni. Hatua mbili, breki. Hatua mbili, breki. Nikimaliza kuwashusha, nafika Nsambya, na Afande amesimama chini ya kilima na mwamvuli wake, anakwenda hospitali ya misheni juu kule kupima presha. Safari fupi, kilima kikali, mtu mzito. Nikimshusha, ndiyo kwanza naanza kazi yangu.

Jumapili moja, watu wakiwa kanisani na barabara ikiwa tupu, niliamua kulipatia gari langu haki ya kujitetea. Nilijaza tanki mpaka mdomoni. Nikatoa vifaa vyote. Nikaenda peke yangu barabara ya baipasi mwanzo hadi mwisho na kurudi, kiyoyozi kikivuma, mguu wangu mwepesi. Halafu nikarudi kwenye pampu ile ile nikasema jaza tena. Mhudumu alipiga kidogo tu, pampu ikakata. Akalipiga piga bomba kwa kiganja.

"Boss, hii imegoma."

"Haijagoma," nikamwambia. "Tanki limejaa. Hilo ndilo gari."

Sijui kama niliwahi kujivunia kitu vile tangu siku ya kupewa stashahada. Nilikwenda moja kwa moja kantini kumwambia mama. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Gari ni zima, Mama."

"Nani alisema linaumwa?"

"Wanaokunywa mafuta ni wale watatu. Hajati, Mjomba na Afande. Hawana hata siku wanayoniacha."

Mama alipuliza makapi. "Baba yako alipokopa unga kwa majirani," alisema, "waliomkopesha walikuja jioni wakakaa kibarazani kwetu. Hawakutaja unga. Tuliwapa chai, wakasimulia habari za kazi, wakaaga. Kesho wakaja tena. Siku tuliyorudisha unga, hawakuja."

"Walikuwa wanadai?"

"Walikuwa wanakaa. Mtu mwungwana akikudai hakuonyeshi kidole mbele ya watoto wako. Anakaa kwako mpaka ukumbuke. Wewe huna kibaraza, una gari. Wanakaa kwenye gari."

Nilikuwa nimeishi mbali na kambi miaka mingi, kule mtu anayekudai anakutumia ujumbe wenye herufi kubwa. Hapa watu watatu walikuwa wananidai kila siku kwa kuniuliza hali ya mama.

"Na nikisema nina haraka?"

"Utakuwa umewalazimisha kudai kwa mdomo. Na wakidai kwa mdomo," alisema, akirudisha macho kwenye mchele, "hawatakuja kwako."

Hilo nilielewa. Wangekuja kwenye ile gomesi ya kijani.

Nikamwambia apande basi, nimpeleke sokoni, angalau mafuta yaliwe na mwenye haki. Alikataa. "Mimi sikukukopesha kitu," alisema. "Sina kiti." Akaenda sokoni kwa miguu na kapu lake, nami nikabaki na gari zima lililokuwa tupu.

Basi mtego ulikuwa huu. Deni liliketi kwenye viti. Viti vilikula mafuta. Mafuta yalikula fedha ya kulipia deni. Kadiri nilivyochelewa kulipa, ndivyo walivyokaa zaidi. Mtu asiye na elimu angeliuza gari. Mimi nilikaza mkanda nikaendelea, na karibu niaibike.

Maana kulikuwa na jambo jingine ambalo mtu asiyedaiwa hawezi kulijua. Siwezi kuweka mafuta wanaonidai wakiwa ndani. Nikiweka kidogo, watatazamana: huyu amefilisika. Nikijaza, watatazamana vile vile: kumbe anazo. Kwa hiyo nilikuwa nawapitisha mbele ya vituo vyote vya mafuta vya Kampala nikiangalia mbele, kama mtu anayepita msibani kwa watu asiowajua.

Siku moja wakakutana wote watatu. Hajati alikuwa anakwenda kumwangalia mgonjwa Nsambya, Mjomba ana misumari ya kupeleka kwenye jengo huko huko, na chini ya kilima Afande amesimama na mwamvuli. Taa ya njano ilikuwa imewaka tangu mjini. Nilijiambia kilima ni kimoja tu.

Katikati ya kilima injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Kiyoyozi kikafa. Vioo vilikuwa vimefungwa, na katika ule ukimya tukasikia misumari ikijipanga upya ndani ya buti.

"Imezima," alisema Afande.

"Imepumzika," nikasema.

"Mpwa," alisema Mjomba kutoka nyuma, "imepumzika au ina njaa?"

Hakukuwa na la kufanya. Afande akashuka na Mjomba akashuka. Hajati nilimwomba akae kwenye usukani, na alikaa kama amezaliwa pale, mkoba mapajani, akilielekeza gari kando ya barabara huku sisi watatu tunasukuma. Wake wa askari walisimama kwenye milango ya nyumba zao kutazama. Walinijua. Walimjua mama.

"Nilikuwa najiuliza fedha yangu inakwenda wapi," Mjomba alisema kwa sauti ya kufika mlangoni kwa kila mtu. "Sasa naiona. Inakwenda kwa miguu yangu."

Watu wakacheka. Hajati, bila kugeuza kichwa, akasema, "Sukuma, baba. Mwenye kusema sana hupungukiwa pumzi." Wakacheka zaidi, safari hii si kwangu. Mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Lakini gari lilipokuwa kando, Mjomba alinishika mkono akanivuta pembeni, na mzaha ukamtoka usoni. "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Halafu nakwenda kwa dada yangu. Yeye ndiye aliyenipa neno."

Niliteremka na kidumu kutafuta petroli. Kwenye mteremko ule, jasho linanitoka, nilipiga hesabu ambayo hakuna chuo kilichonifundisha. Nilikuwa nimepanga kuwalipa wote watatu kidogo kidogo, kwa haki sawa. Hesabu hiyo ingeniua. Ukimpa kila mmoja kidogo, viti vyote vinabaki na watu. Ilibidi nimlipe mmoja, kabisa, kiti chake kiwe tupu, na mafuta yake yawe fedha ya kumlipa wa pili. Na wa kwanza alikuwa anajulikana: mwenye mzunguko mrefu kuliko wote, mwenye misumari.

Nilipata kazi ya chumba cha baridi cha mchinjaji mmoja, Kawempe hiyo hiyo. Mafundi wengine walikuwa wamekishindwa. Mimi niliisikiliza kompresa yake ikiwaka na kuzima, nikalijua kosa kabla sijashika bisibisi. Nilishinda mle ndani na koti la kukopa, nikatoka midomo ikiwa ya bluu, na nyama ikaganda, ngumu kama mlango. Alinilipa papo hapo na maini juu yake. Maini nilipeleka kwa mama. Fedha niliiongezea ile niliyokuwa nayo, nikaingia dukani kwa Mjomba siku zikiwa bado zimebaki, nikaiweka kati ya kufuli.

Alihesabu. Akahesabu tena. "Umeuza gari?"

"Lipo nje. Linakupungia."

Kesho yake nilipita Kawempe kwa kazi zangu nikamwona amesimama barabarani na mifuko yake. Aliniona. Akageuza uso, akasimamisha bodaboda, na misumari ikapanda bodaboda. Hapo nilimheshimu kwa mara ya kwanza. Mdomo wake ulikuwa vile ulivyokuwa, lakini naye alilelewa na wale waliomlea mama: ukishalipwa, kiti si chako.

Na gari likaanza kunishukuru. Bila ule mzunguko wa Kawempe na bila ule uzito, mafuta ya siku yalivuka siku, yakaingia nyingine. Nilianza kuendesha kama ninayebeba mayai, nikiacha nafasi mbele ili nisipige breki ovyo. Kiyoyozi sikukizima. Afande na Hajati waliendelea kukaa, nami nikaanza kuwasikiliza. Hajati alinifundisha bei ya kila kitu mjini na nani hulipa mafundi kwa wakati. Wateja wangu bora watatu nimewapata kwake, akiwa kiti cha nyuma. Afande alinisimulia baba yangu alivyokuwa zamuni, mambo ambayo mama hakuwahi kuyajua au hakuwahi kuyasema: kwamba mvua ikinyesha alikuwa anaimba, vibaya. Benki ingenidai kwa barua. Hawa walinidai na kunilea kwa safari hiyo hiyo moja. Sijaona popote nilipofika watu wanaojua kudai vizuri kama hawa.

Siku niliyomaliza ilikuwa Jumamosi. Asubuhi nilimkuta Hajati kigodani, na kabla hajaniuliza kama naelekea mjini nikampa bahasha kwa mikono miwili. Hakuifungua.

"Huhesabu, Hajati?"

"Nikuhesabie, kwani wewe mgeni?" Akaitia kwenye mkoba. Akaliangalia gari kidogo. "Basi leo nitakaa dukani. Sukari itakuja yenyewe."

Afande nilimfuata nyumbani kwake. Alipokea fedha amesimama, akagonganisha visigino vya kandambili, akanipigia saluti. "Baba yako angeimba," alisema.

Halafu nikaenda kwa mama. Mjomba alikuwa pale, kwenye kiti kile kile cha siku ile ya chai. Nikamwambia mama kwamba wote watatu wamelipwa, hakuna anayemdai neno lake. Alisimama, akaingia nyuma ya pazia. Alipotoka alikuwa amevaa gomesi ya kijani.

"Dada, unakwenda wapi?" Mjomba aliuliza.

"Viti sasa havina mdai. Nina kiti," alisema mama.

Nilimfungulia mlango wa mbele. Alikaa, akapanga mabega ya gomesi yake, akagusa dashibodi kwa kidole kimoja kama anayepima chumvi. Nikawasha injini. Nilikuwa nashusha kioo chake apate kuwaona watu.

"Pandisha," alisema. "Washa hicho kitu chako cha baridi. Wafikiri nilikudhamini ili nipande vioo vikiwa wazi?"

Tukazunguka nyumba za polisi polepole, gia ya kwanza, mwendo mbaya kuliko wote kwa mafuta. Kwenye kila mlango alinigusa mkono nisimame kidogo, injini inaunguruma, naye anainamisha kichwa kwa waliokuwa wanatazama siku ile tulipokuwa tunasukuma. Tulipofika mwisho wa safu, palipo na mti wa kamba za kuanikia nguo, nilimuuliza kama nimrudishe.

"Zunguka tena," alisema.

Niliutazama mshale wa mafuta. Nikazunguka tena.